Udongo Tulioutengeneza Wenyewe

Nikisema kwamba niliwahi kugombana na watu Doha kwa sababu ya udongo, wanaonisikiliza hudhani ninazungumzia kiwanja. Nawaambia hapana, ni udongo wenyewe, wa kushika mkononi na kuunusa. Hapo wengi hutabasamu. Mimi huwasubiri wamalize, kisha naeleza, na kila ninapoeleza najikuta nimekasirika upya, kana kwamba mambo yale yametokea asubuhi ya leo.

Tulikuwa wanawake watatu, tumepanga sehemu ya nyuma ya vila moja ya zamani huko Al Rayyan. Vila hiyo ilikuwa imekatwakatwa vyumba kama zilivyo nyingi za mtaa ule: juu familia mbili, mbele wahandisi wanne, na nyuma kabisa, kwenye mlango unaotazama ukuta, sisi. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Vihiga, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya mchana katika kliniki iliyokuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani. Mwenzetu mdogo alikuwa binti wa Nakuru, aliyekuwa akipokea simu za wateja wa kampuni fulani na kurudi kila jioni sauti imekauka. Wa tatu, ambaye habari hii ni yake kuliko yangu, alikuwa mama wa Lushoto aliyepita miaka hamsini, mfanyakazi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli. Tulimwita Dada, ingawa binti wa Nakuru angeweza kuwa mwanawe wa kuzaa.

Kati ya mlango wetu na ukuta kulikuwa na ukanda wa ardhi, hatua nne kwa kumi na mbili hivi. Tulipohamia, pale palikuwa na vumbi jeupe, gumu kama sakafu, lililojaa vipande vya saruji, misumari na vigae vilivyoachwa na mafundi. Ukimwaga maji yalisimama juu kama kwenye sinia, na yakikauka yaliacha ukoko wa chumvi. Dada alipatazama mahali pale mwezi mzima. Kisha jioni moja akachota vumbi kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema, akasema chumvi hii inaosheka.

Wa kwanza kuombwa alikuwa natur, ndivyo anavyoitwa mtunza nyumba huku, mwanamume mpole wa makamo aliyekuwa akiangalia vila tano za mwenye nyumba mmoja. Natur akauliza ofisi iliyokuwa ikisimamia vila hizo. Ofisi ikajibu kwamba hakuna tatizo, mradi tusipande mti wala tusichimbe karibu na bomba. Nataka hilo lieleweke mapema. Tuliomba ruhusa, na tulipewa.

Kazi yenyewe ilichukua mwaka mmoja na nusu. Kwanza tulivunja ule ugumu kwa mtaimbo tulioazimwa na wahandisi wa mbele, tukaokota saruji na misumari ndoo baada ya ndoo. Halafu tukaosha. Kuosha udongo ni kuujaza maji mpaka yashuke chini na chumvi yake, unasubiri, unarudia, na unarudia tena. Majira ya joto viyoyozi vya nyumba nzima vilidondosha maji kutwa kucha, na Dada aliweka ndoo chini ya kila bomba, hata la familia za juu, kwa sababu maji yale hayana chumvi hata chembe. Mimi niliyazoea magunia mapya yaliyoonekana mlangoni kila wiki. Kulikuwa na masimbi ya kahawa, yale machicha yanayobaki baada ya kuchujwa, kutoka jikoni mwa hoteli, ambayo mpishi alimtunzia Dada kwa moyo mkunjufu. Kulikuwa na maganda ya mayai tuliyoyasaga kwa chupa, majani ya chai, maganda ya ndizi na vitunguu. Na kutoka shamba moja la Umm Salal, ambako mwanakijiji mwenzake alikuwa mtunza kondoo, ilikuja samadi, ikarundikwa pembeni miezi minne mpaka ikapoteza ukali wake wote na kunukia kama msitu baada ya mvua. Mtu huyohuyo alituletea nyungunyungu ndani ya kopo la maziwa ya unga, wamezibwa kwa kitambaa kibichi. Binti wa Nakuru alikataa kulishika lile kopo. Baada ya miezi michache ndiye aliyekuwa akiwahesabu.

Tulipata matuta manne. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, ukiufumbata unashikana, ukifumbua unaachia. Msimu wa kwanza wa baridi tulikula sukuma wiki, spinachi na dania, tukagawa na kugawa tena. Familia za juu zilipata. Natur alipata kila Alhamisi fungu lake, limefungwa kwa uzi, na Dada hakuwahi kumsahau hata wiki moja.

Huku kilimo kinafuata joto. Unaanza kupanda joto linapoondoka, na ikifika Februari sukuma wiki inaanza kuchoka, basi unaing'oa na kuandaa matuta upya kwa mboga zinazostahimili jua: bamia, kunde, mchicha, na ule mmea ambao mimi nauita mrenda, Dada anauita mlenda, na Waarabu wanauita mulukhia. Tulibishana sana juu ya namna ya kuupika, yeye kwa karanga, mimi kwa magadi na majani ya kunde, lakini juu ya kuupanda hatukubishana. Ijumaa moja ya mwezi huo tulifanya kazi tangu asubuhi. Tuling'oa mabua ya zamani, tukapindua udongo kwa jembe la mkono, tukachanganya samadi iliyokomaa, tukasawazisha kwa reki, tukamwagilia, tukafunika kwa mashuka chakavu ili unyevu usitoroke. Pembeni ya kila tuta nilichomeka kijiti kilichoandikwa jina la mboga. Vilikuwa vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi wa mgonjwa, boksi zima lililopitwa na wakati ambalo kliniki ilikuwa inalitupa. Dada alisema tuache udongo utulie wiki moja ndipo tutie mbegu.

Haukutulia wiki. Alhamisi iliyofuata nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, nikazunguka nyumba kama kawaida, nikakuta shimo. Matuta yote manne hayakuwapo. Palikuwa na alama za sepetu kwenye lile vumbi jeupe la zamani, pamechotwa kwa ustadi mpaka chini, na pembeni mashuka yetu yamekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya ngazi. Ule ukunjaji wa mashuka ndio ulionichoma zaidi. Aliyefanya hivyo alijua kwamba vitu vile vina wenyewe.

Nilikaa kwenye ngazi nikawasubiri wenzangu. Binti wa Nakuru alifika, akatazama, akatupa mkoba chini.

"Hata minyoo wamebeba?" akasema. "Hii ni madharau."

Dada alifika mwisho. Alishuka akasimama ndani ya shimo na viatu vyake vya kazini, akainama, akapapasa chini kwa kiganja kama mtu anayetafuta pete. Kisha akaingia ndani kuswali magharibi, na jioni hiyo hakula.

Tulimwita natur. Alikuja akiwa ameinamisha macho, akatueleza kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga kwamba ofisi ilisema ua usafishwe, kwamba kulikuwa na malalamiko ya harufu. Nilimuuliza nani aliyelalamika, kwa sababu familia za juu zilikuwa zinakula mboga zile na wahandisi walikuwa wanaomba dania. Akasema hajui. Nikamuuliza udongo umetupwa wapi. Akasema umechukuliwa na gari, khalas, umekwenda. Neno hilo khalas, yaani basi, yameisha, hutumika Doha kufunga kila mlango ambao mtu hataki ufunguliwe. Tulimwamini nusu. Mimi usiku ule nilihuzunika tu. Hasira ilikuwa bado haijajua pa kuelekea.

Jumamosi ilipajua. Barabara yetu ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, nikalazimika kwenda kliniki kwa kupitia mtaa wa pili. Pale palikuwa na vila nyeupe, mojawapo ya zile tano za natur, ambayo ilikuwa imekaa tupu miezi kadhaa na sasa imepata wapangaji. Lango lilikuwa wazi. Ndani, kando ya njia, kulikuwa na masanduku matatu mapya ya mbao yaliyojazwa udongo, na mwanamke wa kizungu mwenye kofia ya ukili na glavu za maua alikuwa amepiga magoti anapanda miche ya nyanya. Ningepita zangu. Lakini udongo ulikuwa mweusi, na katika Al Rayyan udongo mweusi hauonekani hivihivi. Nikasimama. Jua la asubuhi liliangaza vipande vidogo vyeupe juu yake, na nikajua ni maganda ya mayai kabla sijakaribia.

Nilimsalimu. Alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, akanikaribisha ndani ya lango. Alisema wamehamia majuzi, kwamba bustani ndiyo iliyomfanya akubali nyumba ile, na kwamba ofisi ilikuwa imemwahidi udongo bora wa shamba kama zawadi ya kuwakaribisha. Alisema ameishi nchi nyingi na hajawahi kupewa udongo mzuri kama huu. Kisha akafukua kidogo na kunionyesha nyungunyungu kwenye kiganja chake kilichovaa glavu, amenenepa, anajipinda.

"Tazama alivyo na afya," akasema.

"Huyo ni wetu," nikamjibu.

Alidhani ninatania. Nikamwonyesha kwenye sanduku la mwisho, ambalo bado hakuwa amepanda kitu. Kwenye kona, kimelala nusu kimefukiwa, kulikuwa na kijiti bapa cha mbao. Nilikivuta, nikakifuta kwa kidole, nikamsomea mwandiko wangu: mrenda. Nikamweleza yote, kuanzia chumvi hadi kopo la maziwa. Nilieleza polepole, kwa Kiingereza cha kazini, kile cha kumweleza ndugu wa mgonjwa habari asiyotaka kuisikia.

Uso wake ulibadilika, sitamnyima haki hiyo. Alivua kofia. Alisema hakujua, alisema anasikitika mno, alishika mkono wangu. Kama angeishia hapo, nisingekuwa na neno baya juu yake mpaka leo. Lakini macho yake yaling'aa kama mtu aliyepata ufumbuzi unaomfaa kila mmoja.

"Ninyi mnaujua udongo," akasema. "Kwa nini msije kunitunzia bustani siku za Ijumaa? Nitawalipa vizuri."

Niliogopa jibu lililokuwa mdomoni. Nilitazama saa, nikamwambia nimechelewa kazini, nikaondoka na kijiti mkononi. Siku nzima nilipima watu shinikizo la damu nikihisi langu ndilo linalostahili kupimwa. Mwanamke yule alikuwa na nia njema, na ndiyo maana maneno yake hayakuniacha. Angekuwa mkorofi ningemsahau. Yeye alitutazama, akaona tumeibiwa kazi ya mwaka na nusu, na dawa aliyoiona ni kutupatia kazi nyingine juu ya udongo uleule, sasa ukiwa wake.

Jioni nilimfuata natur katika chumba chake kidogo kando ya lango. Safari hii sikumuuliza, nilimwambia. Alikaa juu ya kitanda akakubali kila kitu. Mtu wa ofisi alikuwa amemuuliza mahali pa kupata udongo mzuri haraka, kabla wapangaji wapya hawajabadili mawazo, naye akasema, bila kufikiri, kwamba wanawake wa nyuma wana udongo mzuri kuliko wote wa mtaa. Asubuhi yake akaamriwa auhamishe na kupewa vibarua wawili. Habari ya harufu aliambiwa aiseme. Nilimuuliza kama hakukumbuka mboga alizokuwa akipewa kila Alhamisi. Alisema alizikumbuka, ndiyo sababu alikunja mashuka.

Natur angekataa, angefukuzwa, hilo nalijua. Nilikasirika naye hata hivyo. Angeweza kuja kutunong'oneza tu, tukatoa angalau ndoo chache. Lakini nilipotoka pale, hasira yangu kubwa nilikuwa nimeshaihamishia ofisini, mahali ilipostahili.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vioo, ina baridi kali na harufu ya uvumba. Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi, nikiwa na sare ya uuguzi, kwa sababu nimejifunza kwamba sare hufungua milango ambayo uso wangu peke yake haufungui. Karani alikuwa kijana nadhifu sana. Aliniletea chai ya maziwa katika kikombe kidogo, akanisikiliza bila kunikatiza, akapekua mafaili, akanionyesha mkataba wetu. Akasema tumepanga vyumba viwili, jiko na bafu. Ua ni wa mwenye nyumba. Kilicho juu ya ua na chini ya ua ni cha mwenye nyumba. Nikamwambia ofisi yake yenyewe ilituruhusu kulima. Akasema ndiyo, na hakuna aliyetukataza kulima. Tunaweza kuendelea kulima leo hii.

"Kulima nini?" nikamuuliza. "Mmetuachia saruji."

Alitabasamu kwa huruma. "Sista, mchanga ni mchanga. Qatar nzima ni mchanga."

Nilimwambia kama mchanga ni mchanga, kwa nini hawakuchota ule wa barabarani, ambao ungewapunguzia safari. Akaniuliza kama chai inahitaji sukari zaidi. Katika maisha yangu nimetukanwa na wagonjwa, nimetemewa mate na mlevi katika chumba cha dharura kule nyumbani, na sikumbuki kitu kilichonidhalilisha kama ile sukari.

Niliporudi niliwasimulia wenzangu. Binti wa Nakuru alitaka tuandike mtandaoni, tuweke picha ya shimo na picha ya masanduku. Nilikuwa karibu kumkubalia. Dada ndiye aliyekataa, akasema kwa vibali vyetu vya kukaa neno moja linatosha kuturudisha makwetu, na kwamba yeye hana shida na dunia nzima, ana shida na masanduku matatu. Aliniuliza nyumba iko wapi hasa, mama huyo huamka saa ngapi, na kama sanduku la mwisho lilikuwa bado halijapandwa kitu. Nikamwambia Jumamosi lilikuwa halijapandwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mlangoni amejifunga khanga kiunoni juu ya gauni, kichwani ameweka kata ya kitambaa, mbele yake ndoo sita. Zilikuwa zilezile za maji ya viyoyozi. Alisema twende kabla hajaanza kujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Hakuuliza kama tunaona aibu. Nilikuwa naona aibu sana, nakiri, na binti wa Nakuru alivaa miwani ya jua na kofia iliyomziba nusu ya uso. Tukabeba ndoo mbilimbili, tukapita kwenye mtaa wa pili, madereva waliokuwa wakiosha magari wakitutazama.

Yule mama alifungua lango mwenyewe. Aliponiona alifurahi, na alipoziona ndoo furaha yake ikaongezeka, na nikaelewa kwamba anadhani tumekuja kuanza kazi. Alianza kutuonyesha mahali bomba lilipo. Dada alisimama palepale langoni. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha, akanigeukia mimi.

"Mwambie sitaki kazi," akasema. "Nimefuata udongo wangu."

Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kuongeza wala kulainisha. Mumewe akatokea na kikombe cha kahawa, akauliza kuna nini, akaelezwa, akasema kwa sauti ya juu kwamba kama tuna madai twende ofisini, wao walipewa vitu hivi kihalali na hawawezi kumfungulia lango kila mtu mwenye ndoo. Nilitaka kumjibu. Dada akanigusa kiwiko. Yeye alikuwa anamtazama mwanamke tu, bila ukali wowote, jinsi unavyomtazama mtu uliyemuuliza swali na unayempa muda wa kujibu. Kisha yule mama akamwambia mumewe jambo kwa lugha yao, kwa kifupi, akasogea pembeni ya njia.

Alituachia sanduku la mwisho. Yale mawili yenye nyanya hakuyataja, nasi hatukuyagusa, maana miche ilikuwa imeshashika. Tulichota kwa mikono na kwa sufuria aliyokuja nayo Dada. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, Dada akiwa na ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, mgongo umenyooka, akipita katikati ya mtaa badala ya kandokando. Katika safari ya tatu natur alikuwa amesimama kwenye lango letu. Alinyoosha mkono kunipokea ndoo. Nilipita nayo.

Tulipokuwa tunakusanya udongo wa mwisho, yule mama alichutama karibu na Dada akamuuliza, kupitia kwangu, udongo kama huu unatengenezwaje. Nilitarajia Dada anyamaze. Badala yake alimweleza kila kitu. Alimweleza jinsi ya kuosha chumvi na kuijua kwa ulimi, habari ya maji ya viyoyozi, ya mayai kusagwa yasibaki makubwa, ya samadi kukaa miezi minne, ya nyungunyungu kuletwa mwisho kabisa chakula chao kikiwa tayari. Nilitafsiri huku meno yamebanana. Mama yule aliitikia kwa kichwa kila neno, akauliza inachukua muda gani yote hayo. Dada akamjibu. Mama yule aliangalia masanduku yake mawili yenye nyanya.

Njiani nilishindwa kuvumilia. Nilimuuliza Dada ni kwa nini amempa maarifa mtu aliyekaa juu ya mali yake.

"Nilitaka ajue alichochukua," akasema.

Udongo tuliourudisha ulijaza tuta moja na robo. Tulitia mbegu siku hiyohiyo, bila kusubiri utulie, kwa sababu hatukuwa na imani tena na kusubiri. Bamia hatukupanda, nafasi haikutosha. Tulipanda mrenda na mchicha tu. Mwezi wa nne tulianza kuchuma majani, tukala mara chache kabla joto halijakuwa joto kweli, siku moja kwa karanga na siku nyingine kwa magadi. Kulikuwa na utamu, siwezi kudanganya. Lakini kila nilipoinama kuchuma niliyaona matuta matatu yasiyokuwapo, lile vumbi jeupe limejipasua pande zote, na nikakumbuka kwamba mtaa wa pili kuna watu wanakula nyanya zilizonona kwa masimbi ya kahawa ya hotelini kwa Dada. Natur aliendelea kutusalimu. Dada alimjibu tangu siku ya kwanza. Mimi ilinichukua hadi baada ya Ramadhani, na sukuma wiki yake ya Alhamisi haikurudi kamwe, maana hata sisi hatukuwa nayo.

Mkataba wetu ulipokwisha mwezi wa tisa, nilikwenda ofisini kuuandika upya. Karani alikuwa yuleyule, na chai ilikuwa ileile. Nilimwambia kabla sijasaini nataka kiongezwe kifungu kimoja, kwamba udongo wa bustani ya nyuma, mboji na vilivyomo ni mali ya wapangaji, na hautaondolewa bila idhini yao. Alicheka, kwa adabu. Akasema fomu haina nafasi ya vitu kama hivyo. Nikageuza karatasi, nikamwonyesha kwamba upande wa nyuma ni mweupe wote. Akasema hajawahi kuona mkataba wenye udongo. Nikamwambia atauona leo, nikaandika mwenyewe kwa kalamu, kwa Kiingereza, herufi kubwa, nikatia saini na kumsogezea. Alitazama mlango wa bosi wake, ambao ulikuwa umefungwa. Nyuma yangu kulikuwa na watu watano wanaosubiri zamu. Akachukua muhuri, akaugonga mara mbili, mbele na nyuma.

Sijui kama maandishi yale yana nguvu yoyote mbele ya hakimu. Nilitoa nakala tatu, moja ya kila mmoja wetu. Dada aliikunja ya kwake mara nne akaiweka ndani ya pasipoti. Juma lililofuata alianza kupita chini ya mabomba ya viyoyozi akipanga ndoo.